SHOGA: NENO MOJA, MAANA MBILI, NA RAFIKI YANGU ALIYEVUKA MAJI

Mliokaa kafe najua muda unakata, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Wiki iliyopita kijiweni kwetu hapa Baleni kulikuwa na ubishi. Dogo mmoja kapita na ndoo ya maji ya bibi yake, anatembea mwendo wake wa taratibu wa siku zote. Masela wakaanza: "Shoga huyoo! Polisi wanakutafuta!" Dogo akainamisha kichwa, maji yakamwagika, akapita. Mzee mmoja aliyekuwa anasuka kamba pembeni akauliza, "Kwani nyie, kutembea vile nako ni kesi?" Hapo ndipo ubishi ukaanza. Mmoja akasema sheria ni miaka thelathini. Mwingine akasema ni kunyongwa. Mwingine akasema haya mambo yote yameletwa na Wazungu kwenye ving'amuzi, zamani hayakuwepo kabisa.

Nikaona bora niandike, maana kila mtu alikuwa anaongea kwa kelele na hakuna aliyekuwa na uhakika. Mimi sio mwanasheria wala shehe, nimeishia kidato cha nne. Lakini nimesoma sana juu ya jambo hili, na nina sababu yangu binafsi ya kulisoma. Nitaieleza huko mbele.

1. MANENO KWANZA

Shoga. Kwetu pwani hili ni neno la kina mama. Mwanamke anamwita rafiki yake wa karibu "shoga yangu". Bibi yangu ana shoga yake wa tangu usichana, na kila asubuhi lazima mmoja apige hodi kwa mwenzie: "Shoga, umeamkaje?" Hakuna ubaya wowote hapo, ni upendo mtupu. Maana ya pili ndiyo ya mtaani: mwanaume anayelala na wanaume, au mwanaume tu ambaye sauti na mwendo wake unafanana na wa kike. Hii ya pili imekua mpaka imeimeza ya kwanza. Bibi anasema siku hizi akimwita mwenzie shoga mbele ya vijana, vijana wanacheka. Sasa anamwita "mwenzangu".

Basha. Ni yule mwanaume mwingine, ambaye mtaani anahesabiwa kuwa ni dume kama kawaida. Cheki hapo wadau: wako wawili, lakini anayetukanwa ni mmoja tu.

Msagaji. Ni mwanamke mwenye mapenzi na mwanamke. Neno limetoka kwenye kusaga.

Hanithi au hanisi. Limetoka Kiarabu. Wengine wanalitumia kwa mwanaume asiye na nguvu za kiume, wengine kwa mwanaume wa tabia za kike. Kule Oman neno hilohilo lipo, na mtafiti wa Norway, Unni Wikan, aliandika mwaka 1977 kuhusu watu wanaoitwa hivyo katika mji wa Sohar.

Mapenzi ya jinsia moja. Hili ndilo la redioni na magazetini, halina tusi ndani yake. Ukitaka kuongea na mtu mzima bila kugombana, tumia hili.

Na zile herufi za Kiingereza mnazoziona, LGBT, ni mkusanyiko tu: mwanamke anayempenda mwanamke, mwanaume anayempenda mwanaume, anayependa kotekote, na mtu ambaye moyoni anajiona wa jinsia tofauti na ile aliyozaliwa nayo. Hao wa mwisho sio lazima wawe sawa na wa mwanzo. Kijiweni tunawachanganya wote kwenye gunia moja.

2. JE, VIMELETWA NA VING'AMUZI?

Hapana. Mwaka 1899 mtaalamu mmoja wa Austria, Michael Haberlandt, aliandika makala kuhusu watu wa Unguja wenye mapenzi ya jinsia moja. Aliandika kwa dharau za kikoloni, sikatai, lakini maneno aliyoyakusanya yalikuwa ya Kiswahili: mke-si-mume, hanisi, kusagana. Sasa jiulize. Mwaka 1899 king'amuzi kilikuwa wapi? Kitu kikishakuwa na jina la Kiswahili, maana yake Waswahili walikuwa wanakijua na wanakizungumza.

Baadaye watafiti wengine waliandika kuhusu Mombasa. Gill Shepherd aliandika mwaka 1987, Deborah Amory mwaka 1998. Wanaeleza jinsi mashoga walivyokuwa wakijulikana mtaani na walivyokuwa na nafasi kwenye shughuli za harusi za kina mama. Hawakuwa wanaheshimiwa kama mashehe, hapana. Walisemwa, walitaniwa. Lakini walikuwa watu wa mtaa, wana majina, wana ndugu, wanaalikwa.

Hapa kuna kitu kinatuhusu watu wa Mafia. Kile kitabu alichoandikia Shepherd kilihaririwa na Pat Caplan, yule mama wa Kiingereza aliyekuja kisiwani kwetu mwaka 1965 kusoma maisha ya watu wa kaskazini, upande wa Kanga, na akawa anarudi mara kwa mara kwa miaka mingi. Wazee wa kule wanamkumbuka. Kwa hiyo wakati sisi tunabishana kijiweni, wenzetu walishakaa chini wakasikiliza watu wa pwani wanavyoishi, wakaandika.

3. SHERIA INASEMAJE

Hapa ndipo nataka mtulie msome taratibu.

Kwa Tanzania Bara, Mafia tukiwemo kwa kuwa tupo Mkoa wa Pwani, sheria ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 154 kinahusu kumwingilia mtu kinyume na maumbile. Adhabu ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30. Kifungu cha 155 kinahusu kujaribu kutenda kosa hilo, na adhabu haipungui miaka 20. Vipo na vifungu vingine vya vitendo vya aibu. Kunyongwa kwa kosa hili Tanzania hakupo. Aliyesema kunyongwa alikuwa anatisha watu tu.

Mambo mawili watu wengi hawayajui. La kwanza, kifungu cha 154 hakisemi wanaume peke yao. Mwanaume na mwanamke wakifanya kitendo hichohicho, kosa ni lilelile. La pili ndilo kubwa: sheria inaadhibu KITENDO, na kitendo lazima kithibitishwe mahakamani. Haiadhibu sauti. Haiadhibu mwendo. Haiadhibu kupaka hina, kupenda kupika, au kukaa na dada zako jikoni. Yule mzee wa kamba aliuliza swali zuri, na jibu lake ni hili: kutembea vile sio kesi.

Sheria yenyewe ilitoka wapi? Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ililetwa na Waingereza mwaka 1930. Mafia tulishapita mikono mingi: tulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, akaja Mjerumani mwaka 1890, akaja Mwingereza mwaka 1915 wakati wa vita. Wote hao wawili wa mwisho walikuwa na sheria kama hizi kwao. Mwingereza alianza kuifuta kwao mwaka 1967, England na Wales. Mjerumani alikifuta kabisa kifungu chake namba 175 mwaka 1994. Sisi tumebaki nayo, na mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile maarufu kama SOSPA, ikaongeza ukali wa adhabu. Ndio maana mimi nikisikia "ushoga umeletwa na Wazungu" nacheka kidogo. Kilicholetwa na Wazungu na kina tarehe ni kifungu cha kuwafunga.

Zanzibar wana sheria yao. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mabadiliko yaliyowataja na wanawake waziwazi.

Halafu ipo Katiba ya 1977. Ibara ya 12 inazungumzia usawa na utu wa kila binadamu. Ya 13 inasema mtu asihesabiwe mkosaji mpaka athibitishwe, na inakataza kutesa na kudhalilisha. Ya 16 inazungumzia faragha ya mtu na nyumba yake. Katiba haijaandika "isipokuwa yule dogo wa Baleni".

4. MIAKA ILE YA 2016 HADI 2018

Wadogo mliokuwa shule ya msingi labda hamkumbuki, kwa hiyo naorodhesha.

Julai 2016, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alianza kutoa matamko makali dhidi ya mashoga. Mwezi huohuo Wizara ya Afya, chini ya waziri Ummy Mwalimu, ikapiga marufuku vilainishi vilivyokuwa vinagawiwa kwenye miradi ya kuzuia UKIMWI.

Februari 2017, wizara ikasimamisha huduma za UKIMWI kwenye vituo 40 hivi vilivyokuwa vinahudumia watu walio kwenye hatari zaidi, wakiwemo wanaume hao.

Oktoba 2017, watu 13 walikamatwa Dar kwenye mkutano, wakiwemo wanasheria. Waliotoka Afrika Kusini wakarudishwa kwao.

Mwisho wa Oktoba 2018, Makonda akatangaza kikosi maalumu cha kuwasaka mashoga Dar, na akawaomba wananchi wamtajie majina. Tarehe 4 Novemba 2018 Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo ni mawazo yake binafsi, sio msimamo wa Serikali. Novemba hiyohiyo Zanzibar wakakamatwa wanaume 10 kwenye sherehe huko Pongwe. Tarehe 31 Januari 2020 Marekani ikampiga Makonda marufuku kuingia nchini mwao, kwa tuhuma za kushiriki kuvunja haki za binadamu.

Kitu kingine cha wakati ule kilikuwa kuwapima watu kwa nguvu sehemu za siri ili "kuthibitisha". Mwaka 2017 Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari waache, kwa sababu kipimo hicho hakithibitishi chochote na ni udhalilishaji. Na mkumbuke Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Kwa hiyo anayekwambia ana dawa ya kienyeji ya kumponya mtoto wako, anataka hela yako tu.

5. MAJIRANI ZETU

Kenya: Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vyao, vilevile vya Mwingereza. Uganda: mwaka 2023 walipitisha sheria kali zaidi, ambayo kwa baadhi ya makosa ina adhabu ya kifo. Burundi: waliweka kosa hilo kwenye sheria mwaka 2009. Rwanda: hakuna sheria ya kuwafunga. Msumbiji, hapo tu kusini kwetu ambapo tunaoana na kuvua pamoja: walifuta mwaka 2015. Shelisheli wakafuta 2016. Morisi, Mahakama ya Juu yao ikafuta Oktoba 2023. India, alikotolewa Mwingereza mfano wa sheria nyingi za kwetu: 2018. Sisemi tufuate nani. Nasema usidanganywe kwamba dunia nzima iko upande mmoja.

Na sisi wenyewe tuna unafiki wetu. Freddie Mercury wa bendi ya Queen alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Alifariki London mwaka 1991 kwa maradhi ya UKIMWI. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe Zanzibar ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, kundi la Uamsho likapinga, ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake hapohapo Mji Mkongwe, na mtalii analipa kuingia. Yaani akiwa picha ukutani anatuingizia dola. Angekuwa anapita mtaani na mwendo wake, tungempigia mluzi.

6. RAFIKI YANGU

Sasa ile sababu yangu. Nimempigia simu kwanza kumuomba ruhusa, simtaji jina.

Tulisoma naye. Alikuwa anachora piko na hina kuliko msichana yeyote upande huu. Kwenye harusi bibi harusi hatoki mpaka yeye amalize miguu. Kina mama walikuwa wanamgombania, wanamfungia sahani ya pilau aende nayo nyumbani. Hakuna aliyewahi kumuona na mwanaume. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kidato cha pili, mbele ya darasa zima, mwalimu kachelewa, mimi ndiye niliyemwita shoga kwa mara ya kwanza. Sikuwa na ugomvi naye. Nilitaka watu wacheke, na walicheka. Tangu siku hiyo likawa jina lake. Mimi nilishasahau siku ya pili yake. Yeye alilibeba miaka.

Tulipomaliza shule akapanga chumba Kilindoni. Ilipofika ile Novemba 2018, meseji zikawa zinarushwa kwenye simu, majina yanatajwa hovyo. Mwenye nyumba akamwambia ahame kabla ya Ijumaa. Hakumfumania na mtu, alisema tu "sitaki matatizo". Vijana wa bodaboda wakawa hawambebi. Akapanda boti kwenda Nyamisati, na begi moja, hakuaga.

Huko alikokwenda akaumwa. Akaenda kwenye zahanati moja. Aliyempokea akamuuliza maswali kwa sauti kwenye benchi, watu wamekaa, kisha akaita wenzie waje kumuona. Akaondoka bila dawa. Alikaa na ule ugonjwa miezi minane. Aliporudi Baleni kumuona bibi yake nilimpishana njiani, sikumjua, alivyokuwa amekonda.

Unajua ulikuwa ugonjwa gani? Kaswende. Ugonjwa wa sindano za penisilini, dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo. Tabibu mmoja wa mahali pengine alifunga mlango, akamsikiliza, akamchoma sindano, akamwambia arudi. Hakumuuliza dini wala mwendo. Leo mzima, anafanya kazi saluni, mahali ambapo hataki nipaseme.

Nilimuomba msamaha kwenye simu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Wewe ulikuwa mtoto kama mimi. Andika, ila andika na ile ya zahanati, maana kuna wengine wamekaa na magonjwa ndani wanaogopa benchi."

Basi nimeandika.

7. MAMBO YA KUONDOKA NAYO

Kwanza, najua wengi mtasema dini. Wazazi wangu ni Waislamu, na mimi pia, najua tulichofundishwa madrasa, na Wakristo nao wana lao. Sibishani na mtu kwenye imani yake. Lakini hata huko madrasa tulifundishwa kwamba kumsingizia mtu zinaa bila mashahidi ni dhambi kubwa. Sisi tunasingizia watu kwa mwendo wa miguu.

Pili, ukiona mtu anapigwa kwa kuitwa shoga, anayepiga ndiye anayetenda kosa hapo. Hakuna sheria inayompa raia ruhusa ya kumpiga mtu au kumchomea nyumba.

Tatu, ukiumwa nenda hospitali. Ukidhalilishwa mahali pamoja nenda pengine, omba chumba cha faragha, usikae na ugonjwa. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa na kumbagua mtu mwenye virusi.

Nne, kwa wazazi. Mtoto wa kiume mwenye sauti laini ni mtoto wako. Akifukuzwa nyumbani atakwenda mahali, na huko anakokwenda hakuna atakayemlinda kama wewe.

Tano, kwa masela wenzangu wa kijiweni. Lile neno mpeni bibi yangu alirudishie kazi yake.

Jana jioni yule dogo wa ndoo kapita tena. Kuna mmoja alianza kufungua mdomo, yule mzee wa kamba akamwangalia tu, akafunga. Mimi nikasimama nikamsaidia dogo ndoo mpaka kwa bibi yake. Nikamwamkia bibi, shikamoo, akaitika marahaba mjukuu wangu, akaniuliza mbona leo. Sikuwa na jibu. Nilitua ndoo, nikarudi.

Haya wadau, uwanja ni wenu, toeni maoni. Kupinga ruksa, kutukana hapana, na tafadhali MSITAJE MAJINA YA WATU. Tupo pamoja.